Senene Aliowakataa Mdogo Wangu

Niliporudi Muleba likizo ya Desemba, nikitoka shule ya sekondari mjini Bukoba enzi za Mwingereza, nilimkuta mdogo wangu wa kike akikwangua ukuta wa nyumba kwa kucha na kula udongo. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Akitoka kisimani na kibuyu chake kidogo alipumua kama mzee.

Mama alimpeleka zahanati, nami nikawasindikiza. Mganga alimvuta kope la chini akaguna.

"Damu hamna humu. Anahitaji chakula chenye madini ya chuma. Mpeni nyama, maini."

"Nyama tunaiona sikukuu, waitu," mama akasema kwa heshima.

"Na senene je? Si wamejaa kila mahali?"

Kwetu senene, panzi wale wa msimu wa mvua, walikuwa chakula cha wanaume. Wanawake na wasichana waliwaokota majanini alfajiri, wakawanyonyoa mbawa, wakawakaanga, kisha wakatutengea sisi. Wao walibaki na harufu.

Jioni mama alimweleza Tata, baba yetu, maneno ya mganga. Tata akachukua fimbo yake.

"Nakwenda kutazama mibuni. Nikirudi sitauliza nani kala nini."

Mama akaweka sahani mbele ya mtoto. "Kula, bojo, kula mwanangu."

"Sitaki. Kaka alisema nitaota ndevu."

Ni kweli nilikuwa nimemwambia, jana yake asubuhi. Alikuwa ananyonyoa mbawa pamoja na binamu zetu, nikamwona analamba vidole. "Lamba tu, babu," nikamwambia. "Ndevu zinachungulia hizo!" Walicheka wote, na siku nzima wakamwamkia, "Shikamoo, babu." Nilijiona mchekeshaji hodari.

Sasa nilimwapia kwamba ulikuwa utani. Nilimtia senene mmoja mdomoni kwa mkono wangu. Alimweka shavuni, akanitazama kwa macho makubwa, kisha akaenda nyuma ya nyumba akamtema. Mama alijaribu siku zilizofuata, akambembeleza, akamkaripia. Mtoto alifumba mdomo. Msimu ukapita.

Baadaye sana nilisoma kwamba udongo ule huenda ulimzuia kupata hata chuma kidogo kilichokuwa kwenye maharage yetu, na kwamba udongo wa mahali pengine hubeba madini mabaya, kama risasi. Sijui wa ukuta wetu ulikuwa na nini. Najua kwamba chakula kilikuwa mbele yake, na aliyemfunga mdomo ni mimi.

Mvua za masika zilipoanza, malaria ilimkuta hana akiba ya damu. Nilikuwa nyumbani tena kwa likizo. Tulipata nafasi kwenye lori la kahawa liendalo Bukoba. Mama alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia, mtoto kalala mapajani mwangu. Hakuwahi kuuona mji. Nilikuwa nimemsimulia maduka, taa, na meli zinazotia nanga.

"Kaka, mjini ndiyo hapa?"

Tulikuwa tumeshaingia Rwamishenye, mwanzo wa mji. Nilitaka ajikaze mpaka hospitali, nikamjibu, "Bado kidogo."

Hakuuliza tena, na hospitali tulimfikisha hana pumzi. Miaka yote hii natamani aniulize mara moja tu, nimwinue kichwa, nimwambie ndiyo, mdogo wangu, tumefika, tazama.