Titi la Bukuru

Mimi Priscila, mama Anatory, nimepanda ndege mara moja tu maishani, na sitaki tena. Watu wa Rulenge wakinisikia hivyo wanadhani naringa. Waache wadhani. Wangeketi pale nilipoketi mimi, ubavuni mwa Claudia, hamu ya kuringa ingewaisha.

Wakati huo nilikuwa napika uji katika zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Lukole, kwetu Ngara, Warundi wamejaa kule hadi vilima vimebaki vipara. Kihangaza chetu na Kirundi chao ni ndugu, kwa hiyo daktari akikwama na mgonjwa ananiita niache mwiko nikatafsiri. Hivyo ndivyo nilivyomjua Claudia. Binti mwembamba, mkimya, mumewe kapotelea njiani walipokuwa wanakimbia. Alikuwa na mtoto wa kike, Iradukunda, wa miaka kama minne, na mapacha wa kiume waliozaliwa palepale kambini. Kwa Warundi majina ya mapacha hayaumizi kichwa: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, basi.

Claudia alinyonyesha kama alivyofundishwa na mama yake, kila pacha na titi lake. La kulia la Bukuru, la kushoto la Butoyi, na hakuna kuchanganya. Pacha akila fungu la mwenzake amemchokoza, alisema, na pacha aliyechokozwa akifa humvuta mwenzake aende naye. Nilimwambia hayo mambo ya kizamani, ayaache hukohuko alikotoka. Akaendelea vilevile.

Bukuru akafa kwa kuhara kabla hajaanza kutembea. Wakamzika pembeni mwa kambi, penye mikaratusi. Claudia hakulia. Nasema hakulia hata chozi, mpaka wanawake wenzake wakaanza kumsema. Ila kila alfajiri alikwenda pale kaburini, akapiga magoti, akalikamua titi la kulia udongoni mpaka likaisha. Nilimwona kwa macho yangu nikiokota kuni. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikamfuata nikamgombeza kwamba na njaa hii anamwaga maziwa. Akanijibu kwa upole kwamba hamwagi, ananyonyesha.

Sasa titi likikamuliwa kila siku halikauki. La kulia likawa linajaa, na la kushoto likawa linasinyaa, maana Butoyi naye alianza kuugua, ananyonya kidogo anaacha. Uji wangu alikuwa anautema. Mtoto akabaki macho na mbavu. Daktari akasema huyu apelekwe hospitali kubwa Mwanza, na kwa bahati kulikuwa na ndege ndogo ya mashirika ya misaada yenye nafasi. Nikatumwa niende nao, niwe mdomo wa Claudia na mikono yake, kwani Iradukunda hakuwa na wa kuachiwa.

Tuliondoka mapema mno, Claudia hakupata nafasi ya kwenda kaburini. Njia nzima mpaka uwanja wa ndege, ule wa vumbi, alikuwa anageuka nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Gauni lake upande wa kulia lilikuwa limeanza kulowa.

Ndani ya ndege tulioneshwa jinsi ya kufunga mikanda. Claudia akaambiwa amtoe Butoyi mgongoni ampakate. Iradukunda akawekwa ng'ambo ya njia, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, nikaona niweke hapo begi letu. Yule mtoto akalisukuma begi likaanguka. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sasa Bukuru atakaa wapi.  Nikaliokota begi nikalipakata.

Ndege ikanguruma, ikakimbia, ikaruka. Niliisali Salamu Maria mpaka nikasahau maneno. Iradukunda akatapika ndizi zote nilizomlisha, na akatapikia wapi kama si kwenye kitenge changu kipya. Hayo nayo nilishukuru, yalinipa kazi ya kufanya nisikitazame kile kiti.

Kasheshe ilianza tulipokuwa tunashuka, ziwa linaonekana chini. Masikio yaliziba, hata mimi mtu mzima niliumia. Butoyi akapiga ukelele, akajishika kichwa. Mmoja wa marubani akageuka akatuonesha kwa mkono: mnyonyesheni, akimeza masikio yatafunguka. Claudia akatoa la kushoto. Mtoto akavuta, akavuta, hakuna kitu, akaachia akalia tena. Kilio kikakauka, kikawa mkwaruzo, halafu kikakatika. Kichwa kikalala kwenye mkono wa mama yake. Nimesikia vilio vingi pale zahanati, na kinachonitisha ni kile kinachokatika.

Nikamwambia ampe la kulia. Akatikisa kichwa. Na huku maziwa ya lile titi yanapenya gauni, yanadondokea mguu wa mtoto! Hasira ilinipanda, nikamwambia mwanao anakufia mikononi na chakula chake umekifunga ndani ya nguo, wewe ni mama wa namna gani.

"Mama Anatory," akasema, "hili si lake. Mwenyewe akikuta limenyonywa atakuja kumchukua, nami nitabaki na nani?"

Ningemwambia ni ujinga. Siku nyingine yoyote ningemwambia. Lakini nilikuwa nimekiona kile kiti, na niliogopa, nasema kweli.

"Basi muombe mwenyewe," nikamwambia. "Mwambie amwazime."

 Claudia akageukia kile kiti kitupu, akakitazama kama unavyomtazama mtoto unayetaka akuelewe.

"Bukuru, mwanangu, mwazime mdogo wako. Akikua atakulipa."

Iradukunda akageuka naye, akakitazama kiti, akatulia kama anayesikiliza.

"Amekubali, mama," akasema.

Claudia akafungua upande wa kulia. Yalimwagika yenyewe mdomoni mwa mtoto. Kwanza hayakumezwa, yakapita shavuni. Halafu nikamsikia Butoyi akigugumia, akameza, akameza tena, akalishika lile titi kwa mikono miwili. Mimi nililia mpaka magurudumu yakagonga chini. Claudia hakulia.

Mtoto alipona. Mimi nilirudi na basi, asante sana. Wao hawakurudi tena Ngara. Baadaye nilisikia wamerejea kwao Burundi. Kambi ikafungwa, Lukole ikaota majani. Nikipita kwenye ile mikaratusi nilikuwa nikiharakisha, na mara nyingine, sijui kwa nini, nikimwambia Bukuru avumilie, mdogo wake bado hajakua.

Miaka mingi ikapita, siku moja pikipiki ikasimama mlangoni kwangu, akashuka kijana mrefu. "Shikamoo, bibi. Mimi ni Butoyi." Nikaitika marahaba, na papo hapo nikachungulia nyuma yake. Akatabasamu kwa huzuni. Akasema kila mtu hufanya hivyo; akitaja jina lake tu, anaulizwa Bukuru yuko wapi.

Nikamuuliza habari za mama yake. Akasema yupo, ila kila anapoamka nguo yake imelowa upande wa kulia. Umri wa kuzaa umempita, dawa amekunywa, madaktari wamechoka. Anaifua ile nguo, anaianika. Mwishowe alimsimulia kijana habari za ndege, naye akauliza kaburi liko wapi, akaja.

Nikampeleka. Hapakuwa na msalaba wala tuta, nililijua kwa kisiki cha mkaratusi uliokuwa karibu nalo. Alikuwa na chupa ya maziwa aliyonunua Rulenge. Akapiga magoti palepale alipokuwa akipiga mama yake.

"Kaka," akasema, "nimekuja kulipa."

Akamimina polepole mpaka tone la mwisho. Ardhi ilikuwa kavu, ikayanywa yote mara moja.

Baada ya siku chache akanipigia simu kutoka kwao. Akasema nguo ya mama imeamka kavu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikamwambia ampe simu nimpongeze. Akasema hawezi kuongea. Ndipo nikasikia, nyuma ya sauti yake, mwanamke analia, kilio kile nilichokingoja kule Lukole na kisije.

"Tangu asubuhi yuko hivyo, bibi," akasema Butoyi. "Anasema leo ndiyo amefiwa."