Walioegemea Mwamba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, baba yako alishindwa kuvaa suruali. Alikuwa amesimama katikati ya kibanda chetu cha maturubai, mguu mmoja ndani, mwingine nje, jasho linamtoka, hawezi kuinama wala kujinyoosha. Mimi nikacheka. Nilikuwa bado bibi harusi, na mtu mzima aliyenaswa na suruali yake mwenyewe anachekesha. Kisha nikaona machozi yanamlenga. Nikapiga magoti, nikamvalisha kama mtoto.

Wewe ulimjua akiwa kiziwi. Ukakua ukidhani ni homa ya utotoni iliyomwachia hali ile, na mimi sikuwahi kukaa nawe nikakueleza. Leo nitakueleza, kwa sababu bega lako linakusumbua muda mrefu sasa huko kwenye cherehani yako, na umeniambia kuna mashine inayotibu maumivu sugu kwa kupiga mawimbi ndani ya nyama. Sikukatazi. Keti kwanza unisikilize, na hiyo simu iweke chini.

Ilikuwa miaka ya tisini. Pamba ilikuwa haitulipi tena kule kwetu Kishapu, tukafunga virago kwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita. Dhahabu yenyewe tuliiona kwa wenzetu. Baba yako alipata kazi ya kubeba viroba vya mawe kutoka ndani ya duara, ndivyo walivyoita shimo la wachimbaji, akipanda nacho kiroba mgongoni kwa ngazi ya miti kutoka gizani hadi juani. Mimi nilipika uji nikauza kando ya njia ya kwenda mashimoni. Mimba yako ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuonekana.

Mgongo ulimshika masika yote. Dawa za dukani zikagonga mwamba. Alichuliwa kwa mafuta ya kondoo, akachanjwa, akalalia mawe ya moto. Anapata nafuu kidogo, anarudi kwenye viroba, maumivu nayo yanarudi. Usiku nilikuwa namgeuza, maana peke yake hawezi, na nilikuwa nawaza huyu mwanamume atamleaje mtoto ambaye hataweza kumbeba.

Basi palikuwa na jirani yetu, Maduhu, naye mbeba viroba, naye mgonjwa wa mgongo. Siku moja alikuwa amejipumzisha ndani ya shimo la zamani lililoachwa, mgongo wake ameuegemeza kwenye mwamba, wenzake wa shimo la pili wakalipua baruti. Alisema mwamba ulimpiga teke la mgongoni, akasikia mtikisiko hadi kwenye meno. Baada ya siku chache akawa anatembea wima kama askari. Habari ikaenea kambi nzima. Ikawa kila mwenye maumivu, wa mgongo, wa nyonga, wa bega, akisikia ile kelele ya "Baruti! Baruti!" haendi mbali kama watu wengine. Anashuka kwenye shimo lile la zamani, anakaa, anaegemea, anangoja. Tukauita mtindo huo kuegemea, na mtu akikuambia ameegemea unajua ametoka kutibiwa.

Baba yako alikwenda. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope, anacheka. Baada ya siku mbili alininyanyua juu mimi na ndoo yangu, nikapiga kelele aniteremshe, na ndani ya moyo sikutaka aniteremshe. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na Maduhu, nikampelekea uji wa bure. Lakini kazi ilipoanza tena, akabeba viroba, mgongo ukamshika upya.

"Dozi ilikuwa ndogo," akasema. "Inabidi nishuke chini kabisa, pale ukuta ulipo karibu na baruti."

Kipindi hicho ndipo bibi yako, mama yake, alipokuja kututembelea kutoka kwetu, karibu na Mhunze, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikakaushwa. Bibi yako hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na alimwangalia mtu kama anavyomwangalia ng'ombe wa kuuzwa, kuanzia kwato. Alimsikiliza mwanawe akieleza habari ya kuegemea mwanzo hadi mwisho, anatafuna tu. Kisha akauliza.

"Waliopona nimewasikia. Hao wanajitangaza wenyewe. Walioegemea wasipone wako wapi?"

Baba yako akaguna. "Mayu, mama yangu, hapa si zizini."

"Na wale wasioegemea kabisa, hakuna hata mmoja aliyepata nafuu?"

Akatusimulia kwamba kuna mwaka ndama wake waliharisha, na mnadani palikuwa na mtu anauza dawa ya unga inayosifiwa na kila mtu. Akainunua. Lakini hakuwapa ndama wote. Aliwatenga, hawa akawanywesha, hawa akawaacha, akawalisha sawa na kuwalaza sawa. Majani mapya yalipoota wote wakasimama, walionyweshwa na wasionyweshwa. "Ningewanywesha wote," akasema, "mpaka leo ningekuwa namsifu yule mtu na mfuko wake."

Nitakuambia ukweli, nilimkasirikia. Nilitaka mume wangu apone, na huyu mama amekuja na michembe yake kunizimia taa. Baba yako alichukua kofia akatoka. Bibi yako akanigeukia mimi. "Wewe unawapa wote uji, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Waulize."

Kesho yake niliwauliza. Kila aliyenyoosha kikombe nilimuuliza habari za mgongo wake. Mwanangu, kumbe kulikuwa na watu wengi ambao hatukuwa tunawasikia. Mmoja aliegemea akatoka hawezi hata kukaa. Mwingine aliegemea akaona hali ni ile ile, akaona aibu kusema, maana wenzake wote wanasifu. Mwingine alisharudishwa kwao juu ya lori la mkaa. Hakuna aliyekuwa anawataja, na wao hawakujitaja.

Kisha akaja Maduhu mwenyewe. Nikamuuliza, baada ya lile teke la mwamba ulifanya nini? "Nilifanya nini?" akashangaa. "Si nililala tu, shemeji. Moshi wa baruti ulikuwa haujatoka, nani angeshuka?"

Nyuma yake alisimama mzee mmoja mwoga wa baruti, hajaegemea hata siku moja maishani mwake. Akadakia kwamba hata yeye mgongo wake hupoa siku za moshi.

Nilibaki nimeshika upawa hewani. Kila wakilipua, shimo hufungwa mpaka moshi utoke, na moshi ukiwepo hakuna anayebeba kiroba. Walioegemea walikuwa wanapumzika. Wasioegemea nao walikuwa wanapumzika. Baruti ilikuwa inasifiwa kwa kazi ya kitanda. Niliacha sufuria mekoni na uji wake, nikakimbia nyumbani na tumbo langu kumwambia baba yako.

Nyumbani nilimkuta bibi yako peke yake. Nikageuka kushika njia ya mashimoni, na nikiwa njiani ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu.

Alikuwa ameshuka chini kabisa, kama alivyosema. Ukuta uliokuwa kati yake na baruti ulikuwa mwembamba kuliko walivyodhani, ukapasuka. Walipomtoa alikuwa hai, mweupe kwa vumbi mwili mzima, na damu mbichi inatiririka kutoka masikio yote mawili. Nikamkumbatia pale pale chini. Nikamweleza yote kwa pupa, huku nalia: ni moshi, baba, ni mapumziko, siyo baruti, pumzika tu utapona. Alikuwa ananitazama mdomo. Kisha akawageukia watu waliotuzunguka, akauliza kwa sauti kubwa mno, "Mbona mnanong'ona?"

Masikio hayakurudi. Baba yako hakujua kusoma, na mimi sikupata ishara ya mikono ya kumweleza moshi na mapumziko na wale waliorudishwa kwa lori. Nilijaribu miaka na miaka. Alikuwa anatikisa kichwa, ananipigapiga begani, anatabasamu. Tuliporudi Kishapu akaacha viroba akachunga ng'ombe, mgongo ukatulia wenyewe, na yeye akawa anawaambia vijana kwamba aliponywa na ile baruti ya mwisho, ya chini kabisa. Amekufa anaamini hivyo. Hilo linaniuma hadi leo kuliko hata masikio.

Bibi yako hakuwahi kusema "si nilikuambieni." Alikaa nasi mpaka ulipozaliwa. Ulipolia mara ya kwanza, baba yako aliuona mdomo wako uliofunguka, akaweka kiganja kifuani mwako ili aisikie sauti yako kwa mkono. Ndivyo alivyokusikia siku zote. Ulikuwa unadhani anakubembeleza.

Sasa hiyo mashine yako. Unakumbuka uliponipeleka mjini kwa ajili ya kisigino changu, nikabaki chumbani na yule kijana wa mazoezi ya viungo? Nilimuuliza swali la bibi yako, waliopigwa hayo mawimbi wasipone wako wapi. Hakunicheka. Aliniambia wapo. Akasema kwa kisigino sugu na kwa bega lenye chokaa kwenye kano za misuli, mashine imeonekana kuwasaidia wengi, ingawa siyo wote. Kwa mgongo, akasema, ushahidi bado haujatosha, asinidanganye. Akaniambia wanavyoipima: wagonjwa wanagawanywa, hawa wanapigwa mawimbi ya kweli, hawa wanawekewa mashine inayolia tu bila kutoa kitu, na mgonjwa haambiwi yuko upande gani. Nikawaona ndama wa bibi yako wamesimama pale chumbani. Nilitamani angekuwepo, akae kwenye kile kiti cha plastiki atafune michembe.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Nenda ukapimwe kwanza, ijulikane bega lako lina nini, maana siyo kila bega ni hilo lenye chokaa. Akikusimulia mtu aliyepona, furahi naye, halafu uliza habari za ambao hawakupona, na za waliopona bila kuguswa. Uliza na kilichofanyika siku hizo nyingine, kama mtu alipumzika au alibadilisha kazi. Atakayekasirikia maswali hayo, chukua mkoba wako uondoke. Na cherehani uipumzishe kidogo, hata kabla ya mashine yoyote.

Mungu akuponye bega hilo, mwanangu, ubebe wajukuu zangu. Akupe watu wa kukuambia ukweli, na ukweli huo ukufikie ungali unasikia.