Mtaliano kutoka Pemba

Kazi ya Utaliano niliipata kwa kugombana na dada yangu. Nilikuwa nimekaa mkahawani mtaa wa Dengfeng, huku Guangzhou ninakosoma, wali mbele yangu, simu sikioni, nikimwambia dada aliyeko Pemba kwamba sina muda na habari za shamba. Lilikuwa shamba la mikarafuu la babu yetu. Mnunuzi amejitokeza, ndugu wote wameridhia, na kwa kuwa sote ni warithi, lilibaki neno langu tu. Nikamwambia mitihani imekaribia, anipe mpaka Ijumaa. Ukweli ni kwamba nilishaamua liuzwe. Uvivu tu wa kulitamka.

Nilipokata simu, mama mmoja wa Kichina aliyekaa meza ya pili akaniuliza kama lile lilikuwa Kiitaliano. Nikamjibu kwa Kichina changu cha chuoni kwamba ni Kiswahili. Akaitazama pua yangu, ambayo ni ya bibi yangu Mmanga, akazitazama nywele, kisha akasema, "Chabuduo."

Asiyeijua Guangzhou aelezwe neno hili. Maana yake ni karibu sawa, havipishani sana. Umeagiza kitambaa cha buluu, umeletewa cha kijani: chabuduo. Kontena lilikuwa lifike kabla ya Ramadhani, limefika Idi imeshapita: chabuduo. Mji mzima umejengwa juu ya neno hilo, na majengo bado yamesimama.

Mama huyo, laoban kama mabosi wanavyoitwa huku, alikuwa ameingiza mvinyo mwekundu wa Kitaliano, wa kweli na wa ghali. Mwenye shamba la mizabibu alikuwa aje mwenyewe kuuzindua, akavunjika mguu kwao. Wageni wameshaalikwa. Alitakiwa mtu wa kuvaa suti na kusema lugha ambayo hakuna aijuaye, kwani mkalimani alikuwa na karatasi yake ya tafsiri tayari. Nikamwambia mimi Mwislamu, pombe sinywi. Akasema vizuri, Mtaliano wa namna hiyo hatamaliza bidhaa.

Nikakubali. Kichekesho hakinipiti, ndiyo kasoro yangu.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli kubwa, wa mazulia yanayomeza viatu. Kila chupa ilibandikwa picha ya nyumba ya mawe juu ya kilima, safu za mizabibu zikishuka chini yake. Karatasi ya mkalimani ilieleza kwamba mvinyo huu umelala miaka mitatu kwenye mapipa ya mwaloni, na una ladha ya cheri, ngozi, tumbaku na udongo ulionyeshewa mvua. Kwetu kitu chenye ladha ya ngozi na udongo hurudishwa dukani. Hapa wenye viwanda vya jinzi kutoka Xintang waliunusa wamefumba macho, wakatikisa vichwa kwa busara, kisha wakaugida glasi nzima kwa mkupuo mmoja kama dawa ya malaria.

Nikapanda jukwaani. "Mabibi na mabwana," nikasema kwa Kiswahili safi, "mimi si Mtaliano, na huyu mama anajua."

Makofi. Mkalimani, binti mwenye miwani, akasoma kwamba nimewaletea salamu kutoka vilima vya Italia. Basi nikapata nguvu. Nikawatajia vituo vyote vya treni kutoka chuoni hadi Xiaobei. Nikawafundisha kupika mchuzi wa pweza. Nikamwambia bwana mmoja wa mstari wa mbele kwamba tai yake imo ndani ya glasi, naye akanipungia mkono kwa furaha. Uongo una raha yake, wallahi.

Kisha binti akafika pahala pake kwenye karatasi, akasoma: sasa nitawasimulia habari za babu yangu, aliyelipanda shamba hili kwa mikono yake. Akanisogezea kipaza sauti. Pweza walikuwa wameniishia. Nikasimulia habari za babu.

Nikasema alipanda mikarafuu yake akiwa kijana, na kila mmoja aliujua kwa tabia: huu mvivu, ule mchoyo. Nikasema msimu ukifika tulichambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mpaka vidole vikawa vyeusi, na wingu likitokeza kila mtu hukimbilia majamvi zilikoanikwa, hata siku ya harusi ya dada, ambapo bwana harusi alitimua mbio na joho lake, jamvi kichwani. Nikasema babu alipolala mara ya mwisho aliomba dirisha la upande wa shamba liachwe wazi. Hapo sauti ikanikatika. Sikuwa naigiza. Niliona haya, nikajikohoza.

Ukumbi ukasimama kwa makofi. Wenye jinzi wawili walifuta machozi, na laoban akaninyooshea kidole gumba.

Nilijitenga karibu na meza ya chupa, mkononi glasi ya mvinyo niliyopewa niishike tu. Mzee mmoja mwembamba akanijia, mgeni pekee niliyemwona akinywa taratibu. Akanikazia macho.

"Waumwa wapi?" akaniuliza.

Kipemba hasa. Nilidhani nimesikia vibaya. Kwa Kichina akanieleza kwamba alikuwa daktari, amestaafu, na ujanani alitumwa Pemba miaka miwili. Kiswahili kimemtoka chote, yamebaki maneno machache ya kuwauliza wagonjwa, na neno karafuu, kwa sababu wodi nzima ilinukia karafuu. Hotuba yangu hakuielewa. Alilidaka neno hilo, akauona uso wangu. Kisha akauliza tena vilevile, akasubiri, kama daktari asubirivyo.

Kejeli zote zikaniisha. Nikaweka kidole kwenye chupa, juu ya picha ya ile nyumba ya mawe na shamba lake.

"Hapa."

"Pole," akasema.

Nikatoka nje ya ukumbi, nikampigia dada. Nikamwambia hati asimpe mtu, mimi sikubali, shamba la babu haliuzwi. Akauliza niko wapi. Nikamwambia niko kwenye sherehe ya mvinyo.

"Umekunywa nini wewe?" akaniuliza.

Glasi ilikuwa bado mkononi, imejaa vilevile.