Chumvi ya Bihogo

Kila siku ya soko hapa Kirolirwe, mchungaji mmoja wa ng'ombe husimama mbele ya magunia yangu ya chumvi kama mtu asiyewahi kununua. Huchota punje chache kwa kidole chake kilichopinda, huonja, hufumba macho, halafu hutema pembeni. Huonja gunia la pili, kisha hurudi kwenye la kwanza. "Mama, hii iko kali. Bihogo atakataa kunywa," huniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ng'ombe huyo amesimama nyuma yake akisikiliza. Sokoni sote tunajua kwamba ng'ombe wake waliswagwa na watu wenye bunduki, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Mimi humpimia tu.

Juzi nilipita karibu na kwake. Alikoroga ile chumvi ndani ya maji, akaonja tena, akaimimina kwenye gogo lililochimbwa la kunyweshea mifugo, akapiga mluzi. Wakaja mbuzi wa jirani. Nilidhani atawafukuza. Akainama, akampapasa mmoja katikati ya pembe, akamwambia, "Bihogo, leo umekawia."