Kanzu Moja, Vichwa Vitatu

Nakumbuka, mwanangu, siku ile bibi yangu alipopapasa mabega ya kanzu niliyoishona kwa mikono yangu mwenyewe, akaniuliza ni ya nani. Nilikuwa na miaka kama kumi na sita, bendera ya Wadachi, yaani Wajerumani, ikipepea kule Usumbura, na hapa Rumonge hapakuwa na msichana aliyejua kushika sindano kunishinda mimi. Usicheke. Wewe unaniona leo ninaomba watoto wanitungie uzi, lakini siku zile nilikuwa na mikono, na mdomo wa kuisifia mikono hiyo nilikuwa nao pia.

Nyumbani tulikuwa watano. Mama yetu alikuwa ametangulia mbele ya haki alipojifungua mapacha, Hassani na Huseni, ambao majirani zetu Warundi waliwaita Bukuru na Butoyi, kama wanavyowaita mapacha wote. Tuliobaki tulikuwa Bibi, mimi, hao mapacha wa miaka sita, na Baba. Lakini Baba mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda Ujiji na mzigo wa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaushwa, akasema atarudi kabla ya masika. Masika yakaja yakapita, yakaja tena, na Baba bado.

Basi mwanzoni mwa Ramadhani mtumbwi wa rafiki yake ukafika na bunda la merikani, kitambaa kile kizito cha rangi ya maziwa yaliyokaa, chenye kunuka wanga. Ujumbe ulikuwa mfupi: Baba ni mzima, atakuja kabla ya Idi, na kitambaa hiki tujishonee wote, yeye kanzu, mapacha kanzu, na Bibi ushungi. Mimi nilikuwa na kanga yangu mpya, sikutajwa. Bibi alikibusu kile kitambaa. Kisha akaniambia nichukue kikapu cha kamba.

Hicho kikapu nikueleze, maana siku hizi sikioni tena katika nyumba zenu. Bibi alitoka ng'ambo ya ziwa, Umanyema, na huko kwao kila mtu wa nyumbani alikuwa na kamba yake ya gome la mti. Toka mwanzo wa kamba mpaka fundo la kwanza ilikuwa shingo, toka hapo mpaka la pili mabega, mpaka la tatu mkono, na kamba yote ilikuwa urefu wa mtu mwenyewe. Ukitaka kumshonea mtu hukumsumbua, ulichukua kamba yake ukakata. Kwa macho ya Bibi, ambayo yalikuwa yameshaingia ukungu, kamba zile ndizo zilikuwa kitabu chake. Alizishika akajua hii ya fulani, hii ya fulani.

Mimi nikasema, "Bibi, ya Baba siihitaji. Baba yangu namjua."

Na kweli nilidhani namjua. Nilipokuwa mdogo alinibeba mabegani tulipokwenda Minago, na tulipovuka mto niliyaona maji yako mbali chini kama niko juu ya nyumba. Mabega yale ndiyo yaliyokaa kichwani mwangu. Isitoshe, palikuwa na karani mmoja wa Wadachi aliyekuwa akija kuswali Idi na sisi, kanzu yake pana inafagia vumbi, watu wanampisha njia. Nikajiapiza kuwa safari hii Baba ataingia msikitini na kanzu ambayo itamfanya yule karani aonekane amevaa leso. Kiburi si maungwana, mwanangu, lakini kina utamu wake kinapoingia, nisikudanganye.

Nikashona mwezi mzima. Nilichomoa nyuzi kwenye kingo za kitambaa chenyewe, nikazipaka nta, nikashona asubuhi kabla jua halijanifunga mdomo kwa kiu, na alasiri nikashona tena. Upande mmoja nikaongeza kipande ili ipanuke, nikaona na upande wa pili usibaki nyuma. Shingo nikaifungua mpaka kifuani ili niitarizi vizuri. Kila nilipoiona ndogo niliiongeza, na siku nilipofunga uzi wa mwisho nikageuka kutafuta kitambaa cha mapacha. Hakikuwepo. Palikuwa na vipande vya kufungia kidonda tu.

Nilikunja kanzu nikampelekea Bibi, nikitumaini atashika ile tarizi ya shingoni kwanza. Hakushika tarizi. Alishika bega la kulia, akalifuata kwa vidole, akaenda, akaenda, akafika mwisho amenyoosha mkono wote.

"Zuhura, hii kanzu iko ya nani?"

"Iko ya Baba."

"Baba yako nilimuzaa mimi," akasema. "Haya mabega mimi sikuzaa."

Nilicheka peke yangu. Bibi hakucheka. Akauliza kitambaa cha watoto kiko wapi, nikamwekea mkononi vile vipande vya kufungia kidonda. Akaniambia nimemfanyia baba yangu nguo ya kuonwa na watu, nikawavua watu wa nyumbani ili nimvishe mtu mmoja. Kesho nifumue yote, nifuate kamba. Nilimjibu vibaya, mwanangu. Nilisema kamba haina macho. Mtu ambaye macho yanamfifia, unamwambia hivyo! Mpaka leo neno lile likinijia ninaomba msamaha, ingawa wa kunisamehe amelala siku nyingi.

Asubuhi, kabla sijagusa hata mshono mmoja, tukasikia kelele ufukweni kwamba mitumbwi ya Ujiji imeingia. Zilikuwa zimebaki siku mbili Ramadhani iishe. Nikaikamata ile kanzu, nikaitupa mkononi, nikakimbia na mapacha nyuma yangu. Nilitaka Baba aivae pale pale mchangani, watu wote waone.

Watu walikuwa wengi, wenye vikapu vya samaki, wenye magunia ya chumvi, wake waliongojea waume. Nikapita katikati yao nikinyoosha shingo, natafuta mabega. Nilimpita mwanamume mmoja mwembamba aliyeegemea mzigo wake, nikasema hodi baba nipishe, nikaendelea. Nikafika mwisho wa mitumbwi, nikarudi, nikampita tena.

"Zuhura," yule mwembamba akaniita taratibu, "unatafuta nani?"

Sauti ilikuwa ya Baba. Macho yalikuwa ya Baba. Yaliyobaki, ee Mola, sijui yalikwenda wapi. Homa ilikuwa imemlaza Ujiji miezi na miezi, na hakutaka tujue, ndiyo maana alituma kitambaa badala ya habari za ugonjwa. Mapacha hawakuwa na kumbukumbu ya mabega yoyote, wao walimrukia moja kwa moja wakamng'ang'ania miguu. Mimi niliyemjua nilikuwa nimempita mara mbili. Nililia pale, kanzu mkononi, naye akadhani ninalia kwa furaha ya kumwona, akanibembeleza. Sikumsahihisha.

Nyumbani Bibi alimpokea mlangoni. Alimshika uso, akamshika shingo, mikono yake ikashuka mabegani ikakaa kimya. Kisha akaniambia nilete kamba ya Baba. Nilijua anataka kunionyesha kosa langu mbele ya mwenyewe, nikaileta kichwa chini. Akaweka fundo la kwanza kwenye bega moja la mwanawe, akaivuta mpaka bega la pili. Fundo la mabega likapita likaning'inia hewani, vidole vinne vizima.

Bibi akarudia kupima. Likaning'inia tena.

"Jana nilikugombeza, mujukuu wangu," akasema, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. "Na kamba yangu nayo inamushona mutu mwenye aliondoka. Huyu mwenye alirudi, hakuna mutu alimupima."

Baba aliona mama yake anataka kulia na binti yake ameshaanza, na Baba yangu alikuwa mtu asiyevumilia kilio ndani ya nyumba yake. Akachukua kanzu mkononi mwangu, akaivaa, akaketi mkekani. Mwanangu, kama ungeiona! Mikono ya kanzu ilipita vidole vyake ikalala sakafuni. Shingo ilimteremka begani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Mama, huyu mutoto amenijengea nyumba. Na mulango uko wapi?"

Mapacha hawakungoja waambiwe mlango uko wapi. Waliingia kwa chini, mmoja kulia mmoja kushoto, kitambaa kikatutumka, na kidogo kidogo vichwa viwili vikatokeza shingoni, pembeni ya ndevu za Baba. Niliangua kicheko machozi yakiwa bado shavuni. Bibi akawa anauliza, "Nini? Munacheka nini?" na kwa kuwa hakuona vizuri akasogea, akanyoosha mkono, akaanza kushika.

"Moja," akasema. "Mbili." Akasita. "Tatu! Subhanallah, mwanangu, Ujiji walikutilia vichwa?"

Hapo hata Baba alishindwa, akacheka mpaka akakohoa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na yeye siku ile alikuwa mgeni na mwenyeji kwa pamoja, maana kwa kicheko kile nadhani alianza kupona. Alipotulia akapiga ile kanzu kwa kiganja, akasema kama inatosha watu watatu basi ni ya watu watatu, tuifumue.

Tulikuwa na siku mbili. Baba alikata, kwa sababu kukata kanzu zamani zile wanaume walijua sana, na safari hii hakuna aliyegusa kisu kabla ya kumsimamisha mtu mwenyewe na kumpima mwilini, hata Huseni aliyekuwa hatulii. Mimi nilishona. Bibi alipaka nyuzi nta, na akatoa amri moja tu ambayo sikuielewa kwanza. Kanzu ya Baba iwe ya mwili wake wa leo, alisema, lakini pembeni tukunje kitambaa kwa ndani, tukunje kingi, tusikikate. "Muache nafasi," akasema. "Nyama itarudi."

Siku ya Idi walitoka nyumbani watu wanne wenye nguo mpya za merikani. Sitakwambia zilikuwa nzuri. Kanzu ya Huseni ilikuwa na mshono katikati ya tumbo, na ya Hassani ilikuwa na kipande cha tarizi kilichoishia mgongoni bila sababu. Ushungi wa Bibi ulikuwa mikono miwili ya kanzu iliyounganishwa. Watu walipowauliza mapacha nguo zao zimetoka wapi, walijibu kwa fahari, "Tumekatwa kwa Baba." Yule karani naye alikuja na kanzu yake, lakini nikiulizwa leo ilifananaje, siwezi kusema. Nilikuwa ninamtazama Baba, jinsi kanzu ilivyomkaa begani pasipo kuning'inia.

Na nyama ilirudi. Idi iliyofuata nilifumua pindo la ndani kidogo, na iliyofuata tena kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na ugali wa muhogo kwa samaki mukeke wa kuchoma hujaza kanzu. Idi ya tatu pindo likaisha, Baba akashika tumbo lake akanilaumu mimi kwamba nimepunguza nguo. Uzeeni alikonda tena, nikaikunja upya. Kila mara alisimama mbele yangu, nami nikampima kwa kiganja changu kama mtu nisiyemjua. Kikapu cha kamba tulibaki nacho kwa heshima, lakini Bibi mwenyewe hakukitumia tena kukatia nguo.

Sasa sikiliza, wewe uliyeketi na kitambaa mapajani ukimngojea wako, maana najua unaye. Shona. Nguo ya duka itamsitiri, lakini nguo ya mkono wako inamwambia kuna mtu aliyekaa akamfikiria mshono kwa mshono. Ila usimshone kwa kumbukumbu, wala kwa tamaa ya kuwashinda majirani, na usitumie kitambaa cha nyumba nzima kumpamba mmoja. Mtu anayerudi si yule aliyeondoka, hata kama alikwenda hapo Kizuka tu kuchuma chikichi. Mume aliyerudi, mtoto aliyekua, dada uliyekosana naye, wote wasimamishe mbele yako uwapime upya, na uwaachie pindo kwa ndani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu li zima, lakini nilimpita baba yangu mchangani mara mbili, na sitaki wewe umpite wako hata mara moja.

Nenda, mwanangu. Mungu akurudishie kila unayemngojea. Akija amepungua, akupe mikono ya kumkunjia. Akija amenenepa, akupe pindo la kumfungulia. Na akija hatambuliki, akupe sikio la kuijua sauti yake kabla hajalazimika kukuuliza unatafuta nani.