Bi Tatu wa Janga na Majibu Yaliyokwama Maabara

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa nguo. Tulieni, nieleze.

Nilikwenda kituo kimoja cha afya kule Kisarawe kuomba kazi ya usafi. Shule nilikomea kidato cha pili. Hesabu zilinishinda, nikazikimbia. Nikakuta akina mama wamekaa kwenye benchi, na mimi nikakaa. Foleni ikasogea, nikaingia. Sista Mfawidhi, yaani muuguzi mkubwa wa pale, hata usoni hakuniangalia. "Vua ya chini, panda kitandani."

Nikajua ndiyo usaili wenyewe. Nikapanda.

"Umeshawahi kupima saratani ya mlango wa kizazi?"

"Hapana, Sista, lakini nikifundishwa nitaweza."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanipima hivyohivyo. Kipimo chenyewe ni rahisi: kuna chuma kama mdomo wa bata kinafungua njia, muuguzi anapaka siki kwa pamba, anasubiri kidogo, anamulika tochi. Pakigeuka peupe, pana shida. Pasipogeuka, unavaa unaondoka. Mimi niliambiwa nivae, nichukue fagio.

Basi nikawa mhudumu wa afya. Nilifagia, nilichemsha vyuma, nilipanga akina mama kwenye benchi. Lakini kazi yangu kubwa, ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya, ilikuwa kuwachekesha. Mwanamke mwenye hofu hujikaza, na akijikaza chuma kinamuumiza. Nikiwasimulia ule usaili wangu, wanaingia ndani wanafuta machozi ya kicheko, mwili umelegea. Sista alikuwa ananiambia, "Mama Chiku, siku ukiumwa koo mimi nafunga chumba."

Baadaye nikahamishiwa zahanati ya Janga. Huko ndiko nilikomjua Bi Tatu, mkulima wa mihogo na mananasi, mwanamke ana mdomo huyo, mimi mwenyewe nilikuwa namkwepa. Kila nikimwambia apime ananijibu, "Shoga, huko kwangu panahusu nini na tochi ya serikali?" Nilimbembeleza muda mrefu mpaka siku moja akakubali, kwa masharti kwamba nikae pembeni nimshike mkono na ninyamaze. Kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho.

Mwisho nikapelekwa Kibaha, maabara, kupokea na kupeleka chupa za vipimo. Meneja wa Maabara alikuwa kijana mpole, maneno yake ya kuhesabu. "Mama Chiku, hiyo siyo soda. Usitikise."

Siku moja ikaletwa chupa ndogo kutoka Janga, ndani mna kipande kidogo cha nyama kinachoelea kwenye dawa ya kuhifadhia. Nikasoma jina: Bi Tatu. Alirudia kupima, safari hii pakageuka peupe, wakamkata kipande kije kuangaliwa kwenye darubini. Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili.

Kabla hakijasomwa, ikaingia korona.

Ninyi vijana mnaikumbuka kwa barakoa na kujifukiza. Sisi tunaikumbuka kwa benchi tupu. Chumba cha kupimia akina mama kilifungwa, wauguzi wake wakapelekwa kwa wagonjwa wa kifua. Maabara watu ni walewale, meza ni zilezile, ila sasa kila kitu ni korona. Dawa za kupimia vipimo vingine haziji. Na akina mama wenyewe wakapotea, maana kilichovuma mitaani ni kwamba ukienda kupimwa chochote, unafungiwa karantini. Nikabaki mimi na ndoo ya kunawia. Hata vichekesho vyangu nilikuwa naiambia ndoo.

Chupa ya Janga ikawa imekaa tu. Kila asubuhi nachungulia mlangoni.

"Bosi, habari za kuamka? Janga vipi?"

"Mama Chiku, korona kwanza."

"Sawa, bosi. Korona kwanza, Janga ya pili."

Kesho tena. Keshokutwa tena. Mpaka siku moja akaniita mwenyewe, macho mekundu kwa usingizi. "Nimebaki jana baada ya kazi nimeisoma Janga yako, angalau masikio yangu yapumzike. Seli zimeanza kuharibika, lakini haijawa saratani. Akitibiwa sasa anapona. Akikaa, siahidi kitu."

Tukampigia simu. Haipatikani. Nikaomba gari, nikapewa, na kwa kuwa sheria ilikuwa kali nikavalishwa kila kitu: barakoa, kofia ya plastiki, miwani, aproni mpaka magotini. Nilifanana na mtu anayekwenda kurina asali.

Gari lilipoingia Janga, watu wakatawanyika kama kuku waliomwona mwewe. Nikamwona Bi Tatu anatumbukia kwenye shamba la mihogo. Nikamkimbilia, na huu mwili wangu! Miwani ikaingia ukungu, nikakanyaga tuta, nikaanguka kifudifudi.

"Siendi karantini!" ananipigia kelele kutoka kwenye mihogo. "Kakohoe huko huko Kibaha!"

"Bi Tatu, ni mimi! Mama Chiku!"

"Mama Chiku gani? Mama Chiku hana kichwa cha plastiki!"

Nikavua kofia na miwani, nikasogea nyuma, nikateremsha barakoa aone sura. Kisha mihogo ikaanza kucheka. "Ehee, kweli ni wewe. Hakuna mwingine anayeanguka vibaya hivyo."

Nikamweleza yote, yeye huko, mimi huku. Akasikiliza. Kisha akasema polepole, "Nikipanda gari lile, Mama Chiku, Janga yote itasema nimechukuliwa na korona. Wanangu hawatauziwa hata chumvi."

Alikuwa anasema kweli tupu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia. Akaingia nyumbani kwake, akatoka amevaa gauni la Idi, ushungi umepigwa pasi, barakoa ya kitenge kidevuni. Akaninyang'anya kiti cha mbele. "Wewe na plastiki zako kakae nyuma kabisa, uiname." Akashusha kioo, gari likatembea pole pole, naye anapunga mkono kama bibi harusi. "Nakwenda Kibaha kutibiwa uzazi! Korona sina! Mnaotaka kujua zaidi njooni mniulize nikirudi!"

Mimi nimejikunja kwenye kiti cha nyuma, nacheka mpaka dereva ananiuliza kama napumua.

Alitibiwa. Walimkata ile sehemu mbovu, akarudi kwake, na waliotaka kujua zaidi wakamwendea kweli. Akawaeleza bila kuficha hata kiungo kimoja, unajua mdomo wake. Chumba kilipofunguliwa tena, benchi ya Janga ilijaa kabla muuguzi hajafika.

Sasa nimestaafu, nakaa Misugusugu, nafuga kuku ambao hawacheki. Nikiulizwa nilijifunza nini miaka yote ile, nasema ugonjwa mmoja ukiingia, ile mingine haiendi likizo kuupisha. Basi.

Wiki iliyopita Bi Tatu kanipigia. Kaja mjini kwa kipimo chake cha marudio, majibu safi, na kaburuza majirani zake, wengine wanalalamika njia nzima.

"Njooni mnisalimie," nikamwambia, "nimewakumbuka."

"Sina nafasi," akanijibu. "Wewe umestaafu, mwenzio niko kazini."