Weusi wa Ubao

Sombe mbichi ikitwangwa, kiganja changu hujikunja chenyewe. Ubao wetu wa shule ulipakwa weusi wa majani hayo ya muhogo na unga wa mawe ya redio, betri zilizokwisha.

Mwalimu alikuwa baba yangu. Aliandika 3x + 4 = 19, na chini yake 3x = 19 + 4. Alisahau kugeuza jumlisha iwe toa. Papo hapo inspekteri wa shule akaingia.

"Nani aliandika hii?"

Baba akaingiza chaki mfukoni.

"Ni minye," nikasema, nikijigusa kifua.

"Mwalimu, huyu anazembea. Umuchape."

Nikafuta jumlisha kwa kiganja, nikaokota kipande cha chaki, nikaweka toa, x ikatoka tano. Kisha nikanyoosha kiganja hicho hicho, cheusi. Baba akanichapa.

Jioni, nyumbani, yeye mwenyewe alininawisha mkono ule, polepole. Weusi ulipokwisha, hakuacha.